Mwenzetu anarudi kazini baada ya wiki saba za sonona: kazi yake tuipangeje?

Kiongozi_wa_Zamu:
Habari za humu wakuu. Kuna mwenzetu anarudi kazini Jumatatu ya wiki ijayo baada ya wiki saba za likizo ya ugonjwa. Mwenyewe amenieleza kuwa ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito (depression), na ameridhia tujue mimi na watu wa utumishi tu. Timu ina watu tisa, tunapokea malalamiko ya wateja kwa simu na barua pepe, zamu tatu ikiwemo ya usiku. Cheti cha daktari kimeandikwa "aanze na kazi nyepesi", basi.

Kazi nyepesi ni ipi hasa, kwa vipimo? Wenzake niwaambie nini? Na nikiona anaanza kuzama tena, naongea naye vipi bila kumfanya ajione anachunguzwa? Ushauri wa "muwe karibu naye" nimeupata tayari. Ninachokosa ni namna ya kuuweka kwenye ratiba.

Bi_Utumishi:
Mkuu, vizuri umeuliza mapema, kwa sababu kazi kubwa iko kabla ya Jumatatu. Siku tatu au nne kabla hajarudi, zungumzeni kwa dakika 30 hadi 45, mahali anapopachagua yeye. Usimuulize habari za ugonjwa, muulize habari za kazi. Kazi zipi zilikuwa zinamchosha kuliko nyingine? Saa zipi za siku ana nguvu zaidi? Ana miadi ya kliniki siku gani? Nani ajue, na ajue nini? Na hili wengi hulisahau: "Nikiona mambo hayaendi, ungependa nikuambie kwa njia gani?" Mtu akijibu swali hilo akiwa ametulia, siku mbaya ikija hutabahatisha.

Mkubaliane kwenye karatasi moja, msaini wote wawili. Karatasi itaje mabadiliko ya kazi na tarehe ya kuyapitia upya. Jina la ugonjwa lisionekane humo, maana karatasi ya ratiba hupita mikono mingi.

Sasa vipimo. "Kazi nyepesi" ina pande mbili, saa na mzigo, na kila upande upangwe peke yake. Kwa mtu wa saa 40 kwa wiki, mpango unaoshikika ni huu: wiki ya 1 na ya 2 saa 20 (saa 4 kila siku, usimpe siku mbili ndefu na tatu za kukaa nyumbani, utaratibu wa kila siku unamsaidia). Wiki ya 3 saa 26, ya 4 saa 30, ya 5 saa 35, ya 6 saa 40. Mzigo uwe nyuma ya saa kila wakati. Kama kawaida yenu ni malalamiko 30 kwa siku, nusu siku kwa hesabu ni 15, lakini wiki ya kwanza mpe 8 hadi 10, ya barua pepe pekee. Simu zianze wiki ya 3, saa moja kwa siku, mwenzake akiwa pembeni. Barua pepe unaweza kuisimamisha, ukapumua, ukairudia. Mteja aliyekasirika kwenye simu anataka jibu sasa hivi.

Panapoharibika mara nyingi ni hapa: saa zinapunguzwa, malengo yanabaki yaleyale kwenye mfumo. Mtu anafanya nusu siku, ubao wa matokeo unamwonyesha mwekundu mbele ya wenzake wote. Ifikapo wiki ya pili anafanya kazi za jioni kimyakimya nyumbani ili afikie namba. Lengo lake libadilishwe kwenye mfumo kabla ya Jumatatu, na kama mfumo haukubali, jina lake litolewe kwenye ubao kwa muda.

Kuna na barua pepe za wiki saba. Asikutane nazo asubuhi ya kwanza. Mteue mtu apitie kisanduku cha pamoja, amchagulie zile chache zinazomhusu bado, nyingine zifungwe.

Mwisho, mshahara. Ajue mapema na kwa maandishi kama hizo saa pungufu zinalipwa kamili au la. Asipojua atakimbilia saa 40 wiki ya pili, na hapo mpango wote umekufa.

Tabibu_wa_Kazini:
Bi Utumishi amemaliza upande wa ratiba. Niongeze sababu za kitabibu, ili ukiulizwa na wakubwa uwe na la kujibu.

Wiki saba hazina maana kwamba amepona. Dawa za sonona kwa kawaida huanza kuonyesha nafuu baada ya wiki 2 hadi 4, na nguvu yake kamili huchukua wiki 6 hadi 8. Wiki za kwanza, au dozi ikibadilishwa, zinaweza kuleta kichefuchefu, usingizi kuvurugika, mikono kutetemeka. Baada ya mtu kupata nafuu, dawa huendelea kwa angalau miezi 6. Kwa hiyo miadi ya kliniki itakuwepo hata wakati anaonekana yuko sawa kabisa, na isihesabiwe kama utoro. Tafadhali asitokee mtu wa kumwambia "si umeshapona, achana na dawa". Husemwa kwa nia njema, lakini ukizikatisha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, mishtuko kama ya umeme kichwani, kukosa usingizi na hasira za haraka, na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi.

La pili ni umakini. Huzuni huweza kutulia huku kumbukumbu, umakini na kasi ya kuamua vikiwa bado nyuma. Ndiyo maana wiki ya tatu, wakati wote mnasema "sasa amechangamka", makosa madogo yanajitokeza: kiambatisho kimesahaulika, mteja mmoja kajibiwa mara mbili. Huo si uvivu. Maelekezo yawe ya maandishi, kazi moja kwa wakati, vipande vya dakika 25 hadi 45 bila kukatizwa, na chochote kinachogusa fedha za mteja kipitiwe na mtu wa pili mpaka mwisho wa wiki ya sita.

Asubuhi pia. Kwa wengi sonona huwa nzito zaidi asubuhi, na baadhi ya dawa za usiku huacha usingizi mpaka saa mbili tatu hivi. Zile saa nne za mwanzo zikianza saa nne asubuhi badala ya saa mbili, mara nyingi utaona tofauti.

Zamu ya usiku, hapana. Wiki sita ni chache kwa hilo. Ningeiondoa kwa miezi mitatu, kisha irudishwe tu kama daktari wake hana pingamizi. Usingizi ukivurugika sonona hupata mlango. Na kwa anayesoma hapa akiwa na mwenzake mwenye baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), uzito ni mkubwa zaidi: kukosa usingizi kunaweza kuwasha kipindi cha kupandwa na hisia kupita kiasi. Kama anatumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia hizo, kufanya kazi juani au kwenye joto bila maji ya kutosha kunaweza kupandisha kiwango cha dawa kwenye damu hadi kuwa sumu.

Haya nayaeleza ili uelewe ratiba imejengwa juu ya nini. Usimuulize anameza dawa gani. Akitaka atakwambia.

Kiongozi_wa_Zamu:
Asanteni sana, hili la malengo kwenye mfumo sikuliwaza kabisa. Mawili yamebaki. Wenzake wamebeba zamu zake wiki zote hizi, wamechoka, na minong'ono ipo. Halafu kuna meneja amependekeza tumpe ile hojaji ya maswali tisa ya kupima sonona, PHQ-9, kila Jumatatu tufuatilie alama zake. Ni sawa?

Mnasihi_Mwandamizi:
Ndugu, hojaji usiiguse. PHQ-9 inauliza hali ya wiki mbili zilizopita na alama zake ni 0 hadi 27. Swali la tisa linauliza kama mtu amewaza kuwa afadhali afe au ajidhuru. Sasa chukulia umepokea karatasi Jumatatu asubuhi, swali la tisa halina sifuri, na karatasi imewekwa kwenye droo hadi kikao cha Alhamisi. Umeshika taarifa ya hatari na huna utaalamu wa kuifanyia kazi. Zaidi ya hapo, mtu anayejua alama zinasomwa na bosi wake ataandika zinazomlinda. Hojaji ni ya kliniki.

Badala yake weka kikao cha dakika 15 kila wiki, siku ileile, chumba chenye mlango. Maswali matatu: nini kilikwenda vizuri, nini kilikwama, wiki ijayo tubadilishe nini. Usikiruke hata wiki ambayo kila kitu ni shwari. Kikifanyika siku za matatizo pekee, kumwita tu kutamtia hofu.

Wenzake waambie maneno mliyokubaliana naye, bila kuongeza neno: "Fulani anarudi Jumatatu. Wiki mbili za kwanza atafanya saa pungufu na barua pepe tu, kisha ataongezewa kidogo kidogo. Zamu za usiku zitagawanywa hivi hadi tarehe fulani." Ugonjwa usiutaje, na usitunge mwingine. Ukisema alivunjika mguu, yeye ndiye atakayelazimika kuubeba uongo wako kila anapoulizwa.

Kuhusu minong'ono, usiwahubirie huruma. Watu wanane waliofanya kazi ya tisa wiki saba wamechoka kweli, na uchovu huo ukiachwa utamwangukia anayerudi. Bandika mgawanyo wa zamu za usiku ulio sawa na wenye tarehe ya mwisho, walipwe au warudishiwe siku za mapumziko walizopoteza, na kama namba hazitoshi omba nguvu ya muda au punguza kazi moja isiyo ya lazima. Atakayetumia neno "kichaa", hata kwa mzaha, mwite pembeni siku hiyohiyo.

Kumkaribisha, "pole, na karibu tena" inatosha. "Jikaze" na "wapo wenye shida kuliko wewe" humfundisha kuficha.

Dalili za kuzama tena zipime kwa kawaida yake mwenyewe. Mkimya kuwa mkimya si dalili. Mcheshi akinyamaza wiki nzima ni dalili. Angalia kuchelewa kunakojirudia, kuacha kula na wenzake, barua pepe za kazi zilizotumwa saa tisa usiku. Ukiona, taja ulichokiona pamoja na siku: "Jumanne na jana ulichelewa kama dakika 40, na hukutoka mapumziko. Unaendeleaje?" Kisha nyamaza, umpe nafasi. Usiseme "naona sonona imerudi", hilo si la kwako kulipima.

Akisema "nimekuwa mzigo kwenu", "mngekuwa na nafuu bila mimi", au akaanza kugawa vitu vyake na kuaga, uliza waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo; Shirika la Afya Duniani linasisitiza hivyo pia. Akikubali, uliza kama ana mpango na kama ana kitu cha kutumia. Usimwache peke yake hata dakika moja, weka mbali anachoweza kujidhuru nacho, mpigie mtu wake wa karibu, mfikishe hospitali kitengo cha dharura. Usimwahidi kuwa itabaki siri. Namba ya mtu wake wa karibu, ya kliniki na ya dharura ziwe tayari kwenye simu yako kabla ya Jumatatu.

Usalama_Kazini:
Nakubaliana na wote, ila jambo moja halijaguswa. Mnamrekebisha mtu mmoja, kazi yenyewe je? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini unapendekeza wasimamizi wafundishwe, unapendekeza pia mazingira ya kazi yarekebishwe, na kwa aliye kwenye likizo ya ugonjwa wa akili unapendekeza tiba ifikiriwe, peke yake au pamoja na marekebisho ya kazi. Ukibanwa na wakubwa, wape namba ya shirika hilohilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani: siku za kazi bilioni 12 hupotea kila mwaka duniani kwa sababu ya sonona na wasiwasi.

Kwenye dawati la simu anza na hili. Baada ya simu ya matusi, mpokeaji atoke dakika 5 hadi 10 bila kuomba ruhusa, na dakika hizo zisihesabiwe kwenye wastani wake. Iwe haki ya wote tisa. Nafuu ya wote haimtengi aliyerudi, na hata anayenung'unika leo ataitumia kesho. Halafu mteja anayetukana apewe onyo moja, akirudia simu ikatwe. Kanuni hiyo iandikwe na meneja aisaini, la sivyo hakuna atakayethubutu kukata.

Kiongozi_wa_Zamu:
Nimeelewa. Lengo lake kwenye mfumo limeshabadilishwa leo, hojaji nimeikataa, na tunazungumza naye Alhamisi saa tano.

Bi_Utumishi:
Vizuri sana. Alhamisi hiyo muulize pia nani akae pembeni yake siku ya simu ya kwanza. Achague mwenyewe, na asiwe wewe, kwa sababu wewe ndiye unayeandika tathmini yake.