Naomba ushauri: mguu wa mbele wa Cutlass unapinda

Habari zenu wakuu. Naunda modeli ya plastiki ya Vought F7U-3 Cutlass, kipimo 1:72, ile jeti isiyo na mkia ya Jeshi la Majini la Marekani miaka ya 1950, iliyokwamishwa na injini dhaifu za Westinghouse J46. Naipenda mno hii ndege.

Mguu wake wa mbele ni mrefu, pua inatazama juu, uzito wote uko nyuma, hivyo modeli inakalia makalio. Nimejaza chubwi za kuvulia samaki puani. Sasa inasimama, ila mguu umeanza kupinda karibu na ekseli.

Je, niutoboe niingize waya wa chuma, au nitengeneze mpya wa shaba? Na chubwi nizishike kwa gundi gani isiyoyeyusha plastiki?