Tupeane uzoefu: uliyewahi kufungua shauri la ubaguzi kazini, Dodoma na kanda ya kati, ilikuwaje?

MamaWawili_Nkuhungu

Habari za jioni wadau. Naanzisha huu uzi kwa sababu wiki hii kuna binti jirani yangu huku Nkuhungu kaja analia mlangoni, kaachishwa kazi, na nilipomuuliza ni lini akasema "kama miezi miwili hivi imepita". Roho iliniuma sana maana yaliyompata yeye yalinipata mimi, tofauti ni kwamba mimi kuna mtu aliniwahi akaniambia kuhusu siku za mwisho za kufungua shauri. Naomba kila aliyepita njia hii aandike yake, msione aibu, majina ya kampuni na mabosi tuyaache.

Yangu ni hivi. Nilikuwa mapokezi kwenye loji moja hapa mjini, mkataba wa mwaka mmoja mmoja na ulikuwa umeshahuishwa mara tatu bila shida yoyote. Nikapata ujauzito, nikaandika barua mapema na kuambatanisha karatasi ya kliniki (sheria inataka umjulishe mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua), nikaenda likizo yangu ya siku 84 zenye malipo. Ningezaa mapacha zingekuwa 100. Siku ya kurudi naingia na sare yangu nimeipiga pasi nakuta dada mwingine amekaa kwenye kiti changu. Meneja ananiambia nje, pale kwenye maegesho, hata ndani hakuniingiza, kwamba mkataba umeisha wakinihitaji wataniita. Nikamwandikia wasapu usiku ule kumuuliza nimekosa nini, akajibu kwa mkono wake kwamba shifti za usiku zinataka mtu asiye na mtoto mchanga.

Ile meseji ndiyo iliyoniokoa, nawaambia ukweli. Mama mmoja wa chama cha wafanyakazi aliniambia usimjibu tena, usimtukane, piga skrinishoti, itume kwa mtu mwingine unayemwamini simu yako isije ikaibiwa, kisha kesho nenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hapo ndipo nikajua kwamba kumzuia mama kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi kisheria kunahesabika kuwa ni kumwachisha kazi, hata kama hawajakupa barua. Na kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 7 inataja wazi wazi ujauzito, ndoa na majukumu ya familia kwenye mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kukubagulia.

Nilifungua siku ya 19. Fomu namba moja, ile ya kufungulia shauri, hailipiwi hata senti. Unaijaza, unampelekea mwajiri nakala yake KWANZA na unapata saini au muhuri kwamba kapokea, halafu ndio unaipeleka Tume pamoja na huo uthibitisho. Mlinzi getini alikataa kupokea ile nakala nikarudi na mjumbe wa mtaa, wakapokea.

Usuluhishi tulikaa vikao vitatu. Mwisho tukaelewana wanilipe mishahara ya miezi sita na cheti cha utumishi. Kuna siku nawaza ningekataa nikaenda kwenye uamuzi, yaani hatua ya mwamuzi kusikiliza pande zote na kuamua, labda ningepata zaidi, au wangenirudisha kazini. Lakini mtoto alikuwa na miezi mitano na kodi ya nyumba ilikuwa imepita, nikasaini.

Haya, nani mwingine.

Kibaigwa_Mahindi

Dada hongera, mimi yangu haikuisha hivyo na naiandika ili mtu asirudie nilichofanya.

Nilifanya kazi ya mizani kwenye ghala la nafaka miaka minne. Akaja supavaiza mpya, ndani ya miezi michache kila aliyekuwa Mgogo pale akawa ametolewa au amepelekwa kubeba magunia na nafasi zao wakaja watu wa kwao, na alikuwa anasema mbele za watu kwamba "hawa wa hapa ni wa kuomba omba tu hawawezi hesabu". Hayo maneno nimeyasikia kwa masikio yangu, siyo mimi peke yangu. Mimi ajira yangu ilisitishwa kwa barua ya mistari miwili.

Sasa nilichofanya. Nilienda kwa diwani. Diwani akanituma kwa mtendaji, mtendaji akanielekeza wilayani, wilayani nikaambiwa njoo wiki ijayo, nikaandika na barua kwa mbunge. Watu wote walinisikiliza vizuri na kunipa pole. Hakuna aliyeniambia kwamba wakati nazunguka kuna saa inahesabu mahali pengine. Nafika Tume nimeshatimiza siku ya 74 tangu niachishwe, na mwisho wa mtu aliyeachishwa kazi kupinga ule uachishwaji ni siku 30, madai mengine ndiyo siku 60. Yote yalikuwa yameshanipita.

Nikaambiwa kuna fomu namba mbili ya kuomba kufungua nje ya muda, na kiapo. Nikadhani ni karatasi tu ya kujaza. Kumbe unatakiwa ueleze kila siku uliyochelewa ulikuwa wapi na kwa nini, kila siku moja. Kwenda kwa diwani haikuwa sababu. Ombi lilikataliwa, na mpaka leo sijawahi kukaa mbele ya mtu yeyote nikaeleza yale maneno ya supavaiza.

Mbukwenyi ndugu zangu wa hapa nyumbani. Ukiachishwa, kabla hujaenda popote nenda CMA, hao wengine utawaona baadaye.

MamaWawili_Nkuhungu

Kaka pole sana. Nimeisoma mara mbili. Kabila na mahali mtu anapotoka vyote vimo kwenye kifungu cha 7, ulikuwa na shauri kabisa.

Mtumishi_wa_Mtumba

Naomba niongeze kwa upande wa watumishi wa umma maana hapa Dodoma ndio tumejaa na wengi tunachanganya. Ukiwa mtumishi wa umma hukimbilii CMA moja kwa moja. Sheria ya Utumishi wa Umma ilirekebishwa 2016 inataka kwanza umalize ngazi za ndani ya utumishi, yaani rufaa kwa mamlaka husika na Tume ya Utumishi wa Umma, ndio uende kwenye sheria za kazi. Nina rafiki alifungua CMA, wakashindana mwaka mzima, mwishoni shauri likaonekana halikutakiwa kuwa pale tangu mwanzo. Ule mwaka haurudi.

Kwa walio sekta binafsi fuateni mnayoambiwa na mama hapo juu.

Fundi_mkono_mmoja

Mimi mkono wa kushoto sina tangu utoto. Niliajiriwa Kizota kwenye bohari, kazi ya kuhesabu mzigo na kuandika kwenye daftari, na wakati wa usaili waliniona hivi hivi nilivyo. Mwezi wa tatu akaja mkubwa mmoja kutoka makao makuu akauliza mbele yangu "huyu naye anafanya nini hapa", wiki iliyofuata nikaambiwa sijafaulu kipindi cha majaribio. Hakuna karatasi iliyoonyesha nimekosea hesabu hata siku moja na madaftari yangu yapo.

Kila niliyemuuliza aliniambia achana nayo, hujafikisha miezi sita huna haki. Nikaamini. Ila dada yangu anayesoma sheria akaniambia hebu tulia tusome, tukakuta kweli ambaye hajafikisha miezi sita hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo halali, LAKINI kifungu cha ubaguzi hakijaweka miezi. Ulemavu umo. Tena hata anayeomba kazi tu, hajaajiriwa bado, kwa kifungu hicho anahesabika kama mfanyakazi, kwa hiyo unaweza kubaguliwa kwenye usaili na ukadai.

Kwenye fomu tukaandika ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, hatukuandika kuachishwa. Hapa naomba muwe makini sana jamani, kile ulichoandika kwenye ile fomu ndicho utakachosimama nacho mpaka mwisho, kama neno ubaguzi halimo usitegemee utaliingiza baadaye ukiwa mbele ya mwamuzi. Na ile sehemu ya pili ya fomu ni ya walioachishwa kazi tu, usiijaze kwa sababu umeona ina nafasi.

Usuluhishi ulishindikana, wakili wao alikuwa ananiongelea kama sipo chumbani. Tukaenda uamuzi. Nilichokuja kukipenda ni hiki: ukishaonyesha dalili za kuaminika kwamba ulibaguliwa, mzigo unahamia kwa mwajiri, yeye ndiye athibitishe kwamba hakubagua. Shahidi wao aliulizwa makosa yangu yako wapi akawa hana karatasi, na wenye madaftari ni mimi. Nilishinda. Wao wana wiki sita za kwenda Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi kuomba mapitio, hizo zinahesabika sasa hivi ninavyoandika, kwa hiyo fedha sijaishika. Ila nimeshinda.

MamaWawili_Nkuhungu

Mungu akutangulie kaka yangu. Nimefurahi mno.

Binti_wa_Singida

Nilisita kuandika ila wacha niseme. Nilikuwa mpishi. Bosi akatutaka wote wa jikoni tupime, akataka majibu ya VVU yaje kwake kwenye bahasha. Mimi naishi na virusi tangu 2015, natumia dawa, niko vizuri. Nilikataa kupima kwa amri yake, na baada ya hapo nikatolewa jikoni nikapelekwa kufua mashuka na mshahara ukapungua, wenzangu wakaacha kula na mimi.

Mshauri wa kliniki ndiye aliyenionyesha kwamba ipo sheria ya UKIMWI ya 2008 inayokataza kumlazimisha mtu kupima ili apate au abaki na kazi. Nilienda kwanza kwa afisa kazi, akapiga simu akaita pande zote mbili, halafu nikafungua na CMA ndani ya siku 60 kwa sababu sikuwa nimeachishwa, nilikuwa bado kazini, nadai ubaguzi na ule mshahara uliokatwa. Kitu kilichonipa nguvu ni kujua kwamba mazungumzo ya usuluhishi ni ya siri, msuluhishi alilisema hilo mwanzoni kabisa nikaweza kuongea bila kutetemeka. Niliruhusiwa pia kuwa na mwakilishi nikaenda na kiongozi wa chama chetu. Tulimaliza pale pale: nikarudi jikoni, mapunjo yangu wakalipa, na zile bahasha zikarudishwa kwa wenyewe.

Wenzangu wawili wameshaanza kula na mimi tena.

Mtumishi_wa_Mtumba

Dada umenitoa machozi.

Kuna aliyeniuliza inbox kuhusu Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, makao makuu yao yako hapa hapa Dodoma. Ndiyo, malalamiko ya ubaguzi wanapokea, unaweza kuandika au kwenda kueleza kwa mdomo, na hulipi. Lakini wao wanachunguza na kutoa mapendekezo, na kwenda kwao hakusimamishi siku zako za CMA. Yaliyomkuta ndugu wa Kibaigwa ndiyo hayo hayo. Nenda kote kama unataka, ila anza na penye siku zinazohesabika.

Kibaigwa_Mahindi

Na usikose kikao. Mlalamikaji usipotokea kwenye usuluhishi msuluhishi anaweza kulifuta shauri lako. Mwajiri naye asipotokea anaweza kuamuliwa bila yeye kuwepo. Nimeyajua haya yote kwa kuchelewa.

Neema_ya_Bahi

Samahanini naingilia. Mimi nimesoma uzi wote tangu mwanzo mikono inatetemeka. Nilikuwa muuzaji dukani mjini, nimefanya miaka miwili na nusu. Bosi alianza kusema anataka wasichana wadogo wadogo kaunta ndio wateja wanavutika, mimi nina miaka 46. Tarehe 4 mwezi huu akanipa barua kwamba biashara imepungua, na tarehe 6 nikapita pale nikakuta mabinti wawili wapya. Leo ni tarehe 27. Naishi Bahi siku hizi, je nifungue huku au wapi? Na je nimechelewa?

MamaWawili_Nkuhungu

Hujachelewa mama! Zimepita siku 23, zimebaki saba tu. Unafungua kwenye ofisi ya eneo ambako kazi yenyewe ilikuwa, kwa hiyo ni Dodoma mjini. Umri umo kwenye kifungu cha 7 na kuachishwa kupo, vyote viwili viandikwe kwenye fomu. Ile barua ipige picha sasa hivi, na kama kuna mtu aliyesikia maneno ya "wasichana wadogo" mwandike jina lake na siku aliyoyasikia kabla hujalala.

Neema_ya_Bahi

Yupo, tulikuwa naye dukani, ila bado yuko kazini pale anaogopa.

Fundi_mkono_mmoja

Usimlazimishe mama. Andika tu jina kwenye daftari lako, tutaona mbele ya safari. Mabinti wawili wapya siku mbili baada ya "biashara imepungua" ni ushahidi tosha wa kuanzia.

MamaWawili_Nkuhungu

Panda gari la asubuhi mama, njoo na barua, mkataba kama unao, na karatasi yoyote ya mshahara. Mimi saa mbili nitakuwa nakusubiri stendi, nimevaa kitenge cha bluu nina mtoto mgongoni. Tutaijaza fomu pamoja, kisha tunaenda wote dukani wakapokee nakala.

Neema_ya_Bahi

Nakuja.