Tangawizi na boti ya Pemba, kuna utafiti au maneno ya bibi tu?

mgeni_wa_bahari: Wakuu habari za muda huu. Wiki ijayo naenda Pemba kwa boti na mimi kwa bahari ni zero kabisa, boti haijatoka hata bandarini roho ishachafuka. Vidonge vya safari vinanilaza mpaka Mkoani nashushwa kama furushi. Bibi anasema nitumie tangawizi, sasa kuna wataalamu waliowahi kuipima kweli au ndo zile za WhatsApp, maana juzi nimetumiwa meseji eti inaua kansa mara elfu 10 kushinda dawa ya hospitali??

jicho_la_maabara: Imepimwa mkuu, tena kwa watu kama wewe. 1982 kwenye jarida la The Lancet kuna utafiti wa wanafunzi 36 wa Marekani, wote wanaojijua wakisafiri wanachafukwa, wakafungwa macho wakakalishwa kwenye kiti kinachozunguka (nani alikubali hii kazi sijui 😂), wengine wamepewa unga wa tangawizi, wengine dimenhidrineti ambayo ndo dawa ya safari, wengine kitu kisicho na dawa. Wa tangawizi walivumilia kuliko wote. Halafu 1988 Denmark wakawapa gramu 1 wanafunzi wa jeshi la majini, jumla walikuwa 80, bahari imechafuka kweli, na kutapika na jasho la baridi vikapungua, ila kigegezi chenyewe hakikupungua sana. Na nisikufiche, 1991 kiti kilizungushwa tena na watu wengine na tangawizi haikufua dafu.

nesi_wa_zamu: Kwenye kichefuchefu cha mimba ndo ina ushahidi mzuri zaidi, tafiti nyingi zimetumia kama gramu 1 ya unga kwa siku, igawe mara 4. Hiyo ya kansa mdogo wangu ilikuwa ni seli kwenye kisahani maabara, 2015, sio mtu mgonjwa, hata jiki ukiimwagia seli zinakufa. Kwa wagonjwa wa kansa kilichopimwa ni kupunguza kichefuchefu cha dawa za kemo, watu zaidi ya 500, na cha ajabu nusu gramu na gramu moja zilifanya vizuri kuliko gramu moja na nusu. Kama unatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, usijiongezee tangawizi nyingi bila kumwambia daktari.

mgeni_wa_bahari: Asante dada nesi. Sasa nitafune mbichi au ya unga?

jicho_la_maabara: Waliopimwa walimeza unga mkuu. Ikikaushwa ile jinjeroli inayowasha inageuka shogaoli ambayo ni kali zaidi, so sio kitu kimoja na mbichi. Nusu kijiko cha chai, dakika 20 hivi kabla boti haijang'oa nanga.

baharia_mstaafu: Na usile kwa tumbo tupu, itakupa kiungulia hujafika hata Nungwi. Kaa katikati ya boti, simu weka mfukoni.