WATOTO MTAANI 🎈 (Sabasaba)

Mama Zuhra, 06:12
Asalaam alaykum, habari za asubuhi. Tangu juzi nauliza watoto wangapi wanakwenda Maonesho, wamejibu wawili tu. Mwenye Kosta anataka advansi leo.

Mama Zuhra, 06:15
Chekechea mpaka la tatu: bembea. La nne mpaka la saba: banda la JKT, wanalipenda. Sekondari sijui wanataka nini. Semeni!!

Dulla, 08:02
Sekondari wanataka hela ya chipsi na wasifuatwe nyuma 😂

Mama Neema, 08:03
😂😂😂

Baba Kelvin, 09:40
Mwaka jana tulichanga hivihivi. Chenji ya Kosta hatujaiona mpaka leo.

Mama Zuhra, 09:41
Chenji ilinunua mpira. Mpira uko ndani kwako, si uliwanyang'anya watoto siku ile ya kioo cha Noah?

Dulla, 09:41
Mpira uko rumande, dhamana imekataliwa 😂😂

Mama Zuhra, 09:42
Dulla mdogo wangu, niache. Nauliza idadi.

Mama Neema, 10:20
Neema mtoeni. Tangu aingie fomu wani hataki kutoka. Huyu alikuwa anacheza rede mpaka adhana ya magharibi, leo anakwambia hayo ya watoto.

Mama Zuhra, 10:21
Hataki au ana zamu ya vyombo? Kaka yake mkubwa kuliko yeye namuona kwenye chandimu kila jioni.

Mama Neema, 10:22
Kwangu sipangiwi.

Dulla, 10:24
Jamani Kosta itapita wapi, Kilwa Road siku hiyo foleni mpaka Mtoni

Babu Shomari, 11:05
Nimesoma yote. Sabasaba ninyi mnaijua ya mabanda, sisi tunaijua ya TANU, 1954. Mnahangaikia siku moja. Siku nyingine hao watoto wanacheza wapi? Pale mbele ya msikiti palikuwa kiwanja. Wavulana chandimu, wasichana rede, wadogo kombolela, sisi na bao letu pembeni tunawaona wote. Leo pamelala magari matatu na mwenyewe yumo humu. Kuanzia alasiri mpaka magharibi yasiwepo. Na wasichana waje. Vyombo havikimbii.

Baba Kelvin, 11:06
🚫 _Ujumbe huu umefutwa_

Dulla, 11:31
Shikamoo Babu

Mama Neema, 11:33
Shikamoo Babu. Tumesikia.

Baba Kelvin, 12:50
Shikamoo mzee wangu. Mawili nitayatoa. La tatu ni bovu, haliwaki.

Mama Zuhra, 12:50
Tutalisukuma. Na mpira?

Mama Zuhra, 15:17
Baba Kelvin, mpira?

Mama Zuhra, 15:18
Haya, Kosta. Advansi imepungua elfu arobaini.

Baba Samira, 21:44
👍

Mama Zuhra, 21:44
👍 ya Kosta au ya magari?

Baba Samira, 22:09
Magari gani tena? Mimi nilikuwa najibu ya juzi