Kope zilizolegea: mliofanyiwa upasuaji, tupeane uzoefu

Mwalimu wa Umoja

Wapendwa, nimefungua uzi huu kwa sababu nilipoambiwa nahitaji upasuaji wa kope nilitafuta mtu wa kunieleza siku zinazofuata zinakuwaje, nikakosa. Daktari alinifafanulia upasuaji wenyewe vizuri kabisa. Lakini mambo ya usiku wa kwanza, ya kuoga, ya kutoka nje na uso umevimba, hayo utayapata tu kwa aliyeyapitia. Naanza mimi, halafu nawaomba nanyi mseme, hata ambao mambo yaliwaendea kombo.

Kope zangu za juu zilishuka polepole kwa miaka mingi, ya kulia ikitangulia. Nimevaa lenzi za machoni tangu chuoni, na daktari aliniambia kule kuvuta kope kila asubuhi na kila jioni kunaweza kulegeza ile kano inayoushika msuli wa kuinua kope. Msuli wenyewe ulikuwa mzima, ila mshiko wake ndio ulioachia. Kwa wengine ni umri tu, na kwa wengine huanza baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Kazini nilifika mahali pa kusahihisha madaftari nikiwa nimeinua kope kwa kidole. Kila jioni paji la uso liliuma, kumbe nyusi ndizo zilizokuwa zikifanya kazi ya kope mchana kutwa. Na wazazi wa wanafunzi walikuwa wakiniuliza kwa upole kama nalala vizuri.

Kliniki daktari alinibana nyusi kwa kidole gumba ili zisisaidie, akaweka rula ndogo mbele ya jicho, akaniambia nitazame chini kabisa kisha juu kabisa. Kope yenye msuli mzima husafiri kama milimita 15. Kisha akamulika tochi na kupima kutoka kwenye mng'ao wake katikati ya mboni hadi ukingo wa kope. Kawaida ni milimita 4 hadi 5, na yangu ya kulia haikuzidi 1. Akaomba picha zangu za zamani, nikamwonyesha kitambulisho. Mkienda, bebeni picha za miaka tofauti, zinamsaidia daktari kujua jambo lilianza lini.

Upasuaji ulikuwa wa sindano ya ganzi, si nusu kaputi, kwa sababu daktari anahitaji ufungue na kufumba macho ili apime urefu wa kope. Sindano yenyewe inachoma, sitawadanganya, lakini ni kwa muda mfupi. Baada ya hapo nilisikia kuvutwa tu, na harufu ya kuunguzwa pale walipokuwa wakizuia damu. Alipasua kwenye mkunjo wa kope, ndiyo maana kovu leo halionekani. Katikati ya kazi waliniinua nikae, akasimama mbele yangu: “Nitazame usoni. Tazama dari. Tazama viatu vyangu.” Akalegeza uzi mmoja, akaniambia nitazame tena, ndipo akaridhika.

Sasa nyumbani. Siku mbili za mwanzo ni barafu iliyofungwa kwa kitambaa safi, dakika chache chache, na kulala chali juu ya mito miwili. Hakuna kuinama kuosha nguo, hakuna kubeba mtungi wa maji. Macho yalikuwa na ukungu kwa sababu ya dawa ya kupaka, na hayakufumba yote. Hilo la kutofumba ndilo lililonitisha. Nilikuwa naamka alfajiri nikihisi kama kuna mchanga ndani. Daktari alikuwa ameshanionya kwamba kope iliyoinuliwa huchelewa kufunga, na dawa ni machozi ya chupa mchana na dawa nzito ya kupaka usiku hadi itulie. Vumbi la Outering Road na jua la Nairobi, hasa saa sita mchana, havina huruma kwa jicho la namna hiyo. Miwani myeusi mikubwa ilinisaidia kuliko nilivyotarajia.

Damu ilivia chini ya macho, ikashuka hadi mashavuni, ikageuka kutoka zambarau kuwa manjano. Majirani walimtazama mume wangu kwa jicho baya, wakidhani amenipiga. Akina dada, waambieni watu wenu wa karibu mapema, ili mwenzenu asibebeshwe lawama isiyo yake.

Na hili nalisema kwa herufi nzito moyoni: usijihukumu kwenye kioo wiki ya kwanza. Kope moja ilikuwa juu, nyingine chini, nikalia. Uvimbe hauondoki sawasawa pande zote mbili. Nyuzi hutolewa baada ya wiki moja hivi, sehemu kubwa ya uvimbe hupungua wiki ya pili au ya tatu, lakini kimo cha kweli hutulia kati ya wiki 6 na miezi 3. Zangu zilikuja kulingana zenyewe. Leo nasoma hadi usiku na paji haliumi.

Dereva wa Rongai

Pole kwa yote, mwalimu, na asante. Yangu ni tofauti na naomba isomwe na kila anayetaka kukimbilia kisu.

Mimi naendesha matatu. Kope ya kushoto ilianza kushuka jioni tu. Asubuhi niko sawa, ikifika safari za saa kumi na mbili jicho linafunga. Baadaye nikaanza kuona magari mawili mahali palipo na moja, kwenye Lang'ata Road, na abiria wamejaa. Niliegesha, nikampa utingo funguo ampigie mwenye gari. Polisi walishanisimamisha mara kadhaa nipulize kifaa cha pombe kwa sababu ya hiyo sura, na mimi pombe sinywi.

Daktari wa macho hakunipima rula peke yake. Aliniambia nitazame juu bila kushusha macho kwa dakika nzima, na kope ikashuka yenyewe mbele yake. Kisha akaniwekea barafu iliyofungwa kwenye glavu juu ya kope iliyofumba, dakika 2. Alipoitoa, jicho lilikuwa limefunguka! Mke wangu aliyekuwa amekaa pale aliona kwa macho yake. Akasema hii inaelekea kuwa mayastenia gravisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia mahali neva inapoamrisha msuli. Ubaridi hurahisisha ile amri kupita, ndiyo maana kope ilipanda. Damu ikapimwa, na kifua kikapigwa picha ya CT kwa sababu tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, mara nyingi inahusika.

Sikupasuliwa kope. Natumia vidonge vya piridostigimini na niko chini ya daktari wa neva. Ningepasuliwa, kope ingeinuliwa leo na kesho ingeshuka tena, na ugonjwa wenyewe ungeendelea kimya. Ukiona kope inayobadilika kati ya asubuhi na jioni, au unaona vitu viwiliviwili, au unapata shida kumeza na kutafuna, mwambie daktari kabla hujaulizwa. Na kila duka la dawa ninaloingia nataja ugonjwa huu kwanza, kwa kuwa baadhi ya antibiotiki na dawa za presha huuamsha.

Muuguzi wa zamu

Dereva amesema jambo kubwa. Nafanya kazi wodi ya macho na nitaongeza mawili tu.

La kwanza, kope inayoshuka ghafla, ndani ya saa au siku, ikiambatana na kichwa kuuma sana, kuona viwili, au mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine: hiyo si ya kusubiri kliniki ya wiki ijayo. Nenda kitengo cha dharura saa hiyo hiyo, kwa sababu inaweza kuwa mshipa wa damu uliovimba ndani ya kichwa na kuikandamiza neva. Mboni ikiwa ndogo upande wa kope iliyoshuka, na shingo inauma, vilevile nenda.

La pili ni kwa waliokwisha kupasuliwa. Maumivu ya kawaida hutulizwa na parasetamoli. Maumivu makali yanayozidi, jicho kutokeza nje na kuwa gumu, au kuona kufifia, maana yake damu inaweza kuwa inajikusanya nyuma ya jicho. Usilale ukisema tutaona kesho. Rudi hospitali usiku huo huo, hata kama ni kwa bodaboda. Pia, kabla ya upasuaji mtajie daktari dawa zote, hasa aspirini na zile za kuyeyusha damu, wala usiziache mwenyewe bila kuambiwa.

Mama wa Kayole

Mimi ni mzazi. Mwanangu alizaliwa na kope moja imefunika karibu jicho lote. Mama mkwe alisema ataacha akikua, ni usingizi wa utotoni. Nilichoona mimi ni kwamba mtoto alipoanza kutembea alikuwa anainua kidevu juu ili aone mbele, hata akila. Ukimwita anageuza shingo yote.

Kwenye kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu nilielezwa kitu ambacho kilinitoa jasho. Jicho la mtoto lisipopata mwanga na picha, ubongo unazoea kutolitumia, na njia hizo za kuona hujengeka katika miaka ya mwanzo, hadi saba au nane hivi. Kwa hiyo kope ikiziba mboni hawasubiri. Ikiwa haizibi, wengi hupasua mtoto akiwa na miaka 3 hadi 5, wakifuatilia uoni wake wakati wote.

Msuli wake ulikuwa dhaifu tangu tumboni, haukufaa kukazwa kama wa mwalimu. Walimfunga kope na msuli wa paji kwa uzi wa silikoni unaopita chini ya ngozi, kwa nusu kaputi. Sasa akiinua nyusi, kope inapanda. Wengine hutumia utando unaotolewa pajani mwa mtoto mwenyewe akishakuwa mkubwa kidogo.

Wazazi, jiandaeni kwa hili: mtoto wangu analala jicho likiwa wazi kiasi. Usiku wa kwanza nilikaa macho namtazama, sehemu nyeupe inaonekana, nikidhani anazidiwa. Ni kawaida kwa upasuaji huu, lakini ndiyo sababu dawa ya kupaka kabla ya kulala haikosi kwetu hata tukisafiri mashambani. Na upasuaji haukumaliza kazi. Jicho lisilo na tatizo tulilifunika kwa kibandiko saa kadhaa kila siku ili lile jingine lilazimike kufanya kazi. Alilia, akakibandua, nikakirudisha. Sasa yuko shuleni, anasoma ubaoni, kidevu kimeshuka mahali pake.

Mzee wa Dagoretti

Mimi nilishuka kope upande mmoja baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Ikainuliwa vizuri sana, na wiki chache baadaye ile nyingine, ambayo tulidhani ni nzima, ikaonekana imeshuka! Nilihamaki. Nikaelezwa kwamba ubongo hutuma nguvu sawa kwa kope zote mbili. Ya upande mbovu ilipokuwa inahitaji nguvu nyingi, hii ya pili ilikuwa inainuliwa nayo. Mzigo ulipopungua, ikajionyesha ilivyo. Ningependa madaktari wajaribu hilo mbele ya mgonjwa kabla ya kupasua, kwa kuinua kope moja kwa kidole na kutazama nyingine inafanyaje, kisha wamwambie. Nilirudi nikafanyiwa na ya pili, na sasa ziko sawa.

Binti wa Eastleigh

Asalaam alaykum. Nina miadi mwezi ujao na nasoma kila neno. Maswali mawili. Udhu na sujudu nifanyeje na nyuzi? Na bima, wanasema upasuaji wa kope ni urembo.

Muuguzi wa zamu

Waalaykum salaam, dada. Weka maji mbali na kidonda hadi daktari atakaporuhusu, na usiinamishe kichwa wiki ya kwanza angalau. Wagonjwa wetu Waislamu huswali wakiwa wamekaa kwenye kiti na kuashiria kwa kichwa kidogo, na kwa udhu wengi humuuliza imamu wao kuhusu kutayamamu. Muulize wako kabla ya siku yenyewe, usije ukahangaika ukiwa na maumivu. Wanja na kope za bandia viweke kando hadi kidonda kifunge kabisa.

Mwalimu wa Umoja

Kuhusu bima, dada yangu, mwambie daktari aandike kwenye ripoti vipimo vya milimita, na akufanyie kipimo cha upeo wa kuona mara mbili: kope ikiwa ilivyo, kisha ikiwa imeinuliwa kwa plasta. Tofauti ya karatasi hizo mbili ndiyo inayoonyesha kwamba kope inakunyima kuona. Weka na picha ya uso ukitazama mbele, nyusi zikiwa zimetulia. Mimi niliwasilisha hivyo na bima ya kazini ikakubali. Kwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, iombe hospitali yenyewe ipate idhini kwa maandishi kabla ya kupangiwa tarehe, usiende kwa ahadi ya mdomo. Na siku ya upasuaji nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani, maana hutaona vizuri hata kuvuka barabara.