Mnaotengeneza programu za video, acheni kutupa mihuri ya muda ya paketi!

Wadau, nimevumilia vya kutosha. Hapa Kisumu wengi wetu tunakula kwa kurekodi mazishi na harusi, na lalamiko linaloturudia ni lile lile: sauti haiendani na midomo. Majuzi familia moja ya Ahero imenirudishia video ya mazishi kwa sababu maneno ya mjane yanasikika wakati ameshakaa chini. Mnajua uchungu wa kumwambia mtu aliyefiwa kwamba "ni tatizo la programu"?

Faili ya simu ni nzima kabisa. Iliyoiharibu ni programu huria ya kukatia video, iliyojengwa juu ya maktaba za FFmpeg, yaani msimbo huria wa kusoma na kuandika video ambao programu nyingi huutumia. Na lawama si ya FFmpeg. Msimbo uko wazi, nimeusoma. Kwa kawaida kila paketi, yaani kifurushi cha data ya picha au sauti, inatoka kwenye faili ikiwa na mihuri miwili ya muda: PTS, yaani fremu (picha moja ya video) ionyeshwe lini, na DTS, yaani ifunguliwe lini. Hawa jamaa wa programu ya kukatia wanazifuta zote mbili, wanahesabu fremu, wanagawanya kwa 30 ili kubuni muda mpya. Basi!

Simu hairekodi fremu 30 kila sekunde. Chini ya hema mwanga ukififia, inapunguza fremu yenyewe. Wastani ukishuka hadi 29.7 tu, kila saa moja ya kurekodi picha inaitangulia sauti kwa sekunde 36. Sekunde 36! Tena paketi hupangwa kwa utaratibu wa kufunguliwa, si wa kuonyeshwa, kwa hiyo faili yenye fremu za B, yaani zinazohitaji fremu ya baadaye ifunguliwe kwanza, inatoka ikirukaruka mbele na nyuma.

Nilipowaandikia, nikajibiwa nibadilishe kwanza video nzima iwe na kasi moja ya fremu. Yaani nikeshe nikienkodi upya mazishi ya kutwa, ubora ushuke, na stima ikipotea nianze tena, ili wao wasiandike mstari mmoja? Ndani ya FFmpeg kuna amri iitwayo av_packet_rescale_ts, na kazi yake ni hiyo hiyo: kuhamisha muda wa paketi kutoka kipimo cha faili inayoingia hadi cha inayotoka. Ipo, ni bure. Na paketi isiyo na muhuri hupewa AV_NOPTS_VALUE, alama ya kusema "muda haujulikani". Wao wanaigeuza sifuri, kana kwamba fremu hiyo ni ya mwanzo wa video.

Wenye laivu za mkesha nao wajue: saa ya MPEG-TS, muundo wa kurushia video, ina biti 33 na inapiga mara 90,000 kwa sekunde, hivyo baada ya kama saa 26 na nusu inarudi sifuri. Programu hii hailijui hilo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba maonyo ya FFmpeg kuhusu DTS zisizopanda kwa mpangilio wameyazima kwa makusudi. Mtumiaji anaambiwa "imekamilika", anakabidhi kazi, anatukanwa na mteja.

Rudishieni maonyo, na mihuri ipite kama ilivyo. Kama hamtaki, andikeni ukurasa wa kwanza kwamba programu yenu haifai kwa video ya simu.