Sanamu ya Tara iliyopakwa dhahabu: mguu ulioshushwa una maana gani?

Msafiri wa Lindi:
Ndugu wanajukwaa, salamu. Nilipokuwa Nepal hivi karibuni nilinunua, katika mji wa Patan, sanamu ya shaba iliyopakwa dhahabu, kimo chake kama shubiri moja, ya mwanamke aliyeketi juu ya ua huku mguu wake wa kulia umeshushwa. Muuzaji alisema ni Tara, mtakatifu wa kike wa Kibudha, akaishia hapo. Naomba kufahamishwa maana ya mkao huo, na kama ni kweli kwamba zebaki hutumika katika kupaka dhahabu. Zaidi ya hayo, kitako kimezibwa kwa bamba lenye nakshi mfano wa msalaba, na kila nikiitikisa sanamu kuna kitu kinagonga ndani, nimeshawishika kulibandua.

Sonara Mstaafu:
Usilibandue kwanza. Habari ya zebaki ni kweli. Mafundi wa Kinewari, yaani wenyeji wa bonde la Kathmandu, walioko Patan, ambao wengi wao ni wa jamii ya Shakya, huifinyanga sanamu kwa nta, wakaifunika kwa tabaka za udongo uliochanganywa na samadi, wakaichoma hadi nta iyeyuke na kutoka, ndipo wakamimina shaba nyekundu katika uwazi uliobaki. Na kwa kuwa kalibu huvunjwa ili kuitoa sanamu, kalibu moja haizai sanamu mbili. Dhahabu huchanganywa na zebaki hadi ilainike kama siagi, hupakwa juu ya shaba iliyosafishwa, kisha moto huipeperusha zebaki ikabaki dhahabu peke yake. Wachimbaji wadogo wa Geita wanaufahamu vyema mvuke huo, na sumu yake pia. Uso mara nyingi hupakwa unga wa dhahabu uliochanganywa na gundi, bila moto, kwa hiyo usiusugue hata kwa kitambaa chenye maji.

Mwalimu wa Dini Linganishi:
Mguu ndio unaomtambulisha. Tara wa Kijani huketi mguu wa kushoto ukiwa umekunjwa kwa tafakuri, na wa kulia umeshushwa kwa sababu yuko tayari kuinuka na kumwendea anayemwita. Kiganja cha kulia kilichofunguliwa juu ya goti ni ishara ya kutoa, na mkono wa kushoto hushika shina la yungiyungi la buluu. Tara Mweupe hukunja miguu yote miwili, naye ana macho saba: matatu usoni, mawili viganjani na mawili nyayoni. Katika picha zilizochorwa rangi ingetosha kuwatofautisha, lakini dhahabu huifuta tofauti hiyo, hivyo katika sanamu kila kidole hubeba maana.

Nakshi ya kitakoni si msalaba, bali ni vajra (silaha ya radi ya Kibudha) mbili zilizopishana, alama ya uthabiti. Sanamu inapowekwa wakfu, hujazwa karatasi za mantra, yaani maneno matakatifu, zilizoviringishwa pamoja na ubani, kisha huzibwa, na kuifungua ni kuitangua ibada hiyo. Hata hivyo, vitu hivyo hushindiliwa visicheze. Kinachogonga huenda ni kipande cha udongo wa kalibu.

Sonara Mstaafu:
Nami nadhani hivyo. Je, ulipewa hati ya Idara ya Akiolojia? Nepal hairuhusu vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100 kutolewa nchini.

Msafiri wa Lindi:
Hati ninayo, yenye muhuri. Viganja havina macho, na ua liko mkono wa kushoto. Bamba nimeliacha.